Theluji ya Marumaru

Karakana, 3 Novemba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba anakusalimu sana. Ameshapaka rangi tena kile chumba chako na mumeo Mzee, hii ni mara ya tatu, ingawa hajawahi kulala mtu humo zaidi ya paka. Anasema siku mtakayorudi kitakuwa tayari. Mimi sijambo, ila nina shida, na shida yenyewe ni theluji.

Usicheke kwanza. Unajua kazi yangu ni kujenga majengo madogo ya filamu. Safari hii nimejenga kijiji kizima juu ya meza, nyumba ishirini na mbili, na iliyo ndefu kuliko zote inanifika kwenye kiwiko. Madirisha yanafunguka. Filamu ni ya tarishi anayepeleka barua katika kijiji kilichofunikwa na theluji. Waigizaji watapigwa picha kwingine, lakini kila kijiji kitakapoonekana kwa mbali, kitakuwa hiki changu. Sasa Mwongozaji ametoa neno. Ikifika katikati ya Februari na theluji yangu haijamfanya yeye mwenyewe asikie baridi, kijiji kitafunikwa turubai na kazi itafanywa kwa kompyuta. Miezi saba ya macho yangu, Shangazi, chini ya turubai!

Na hapa karakana tuko watu tisa, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona theluji. Tulichofanya ni kufungua friji la Fundi Taa, lile lililoganda tangu mwaka juzi, tukaketi mbele yake kama wanafunzi na kuchora tulichokiona. Kisha nikaanza kujaribu. Sukari ilibebwa na sisimizi, kilima kizima kikahama. Unga wa ngano ulifanana na unga wa ngano. Chumvi ilipendeza siku mbili, halafu unyevu wa hapa ukaifanya uji. Nakutumia picha ya jaribio la magadi soda, ndilo bora kuliko yote. Niambie ukweli bila kunihurumia. Umekaa kwenye theluji miaka thelathini na moja na hujawahi kuniandikia hata mstari mmoja kuihusu. Ikoje?

Mwanao,
Kidole


16 Novemba

Kidole, mwanangu mwenye mikono ya panya,

Marahaba. Nimeipata barua na picha, na nimecheka mpaka jirani yangu mwoka mikate amekuja kugonga mlango kuuliza kama ni salama. Sijacheka hivyo kwa muda mrefu. Mwanangu, nyumba zenu mmeziingiza kwenye friji! Theluji imeng'ang'ania ukutani, imening'inia chini ya mapaa, imeota hadi chini ya daraja. Barafu ya friji huota popote ilipo, kama ukungu wa mkate. Theluji haioti. Inatoka juu, inashuka, na inakaa kwa yeyote aliye tayari kuipokea: paa, ua, tawi, kofia ya mlevi aliyesahau kwenda kwake. Ukuta hauipokei. Chini ya daraja ni pakavu. Futa yote, anza upya, na mwambie Fundi Taa asafishe friji lake.

Unauliza kwa nini sikuandika. Kwa sababu kwangu theluji ni koleo na maumivu ya kiuno. Nani anaandika barua kuhusu ufagio wake? Lakini baada ya kukusoma nilivaa koti langu jeusi nikatoka, na nikaitazama kana kwamba uko kando yangu unauliza maswali. Ilikuwa saa nne asubuhi, ndiyo kwanza inaanza. Punje moja ikatua kwenye mkono wa koti. Kidole, ilikuwa na miiba sita, na kila mwiba una vijiti vyake vidogo vidogo, vimepangwa sawasawa pande zote, kwa ufundi ambao hata wewe huna. Ikaja nyingine, nayo ina miiba sita, lakini haifanani na ya kwanza. Nikageuka nimwonyeshe mtu, na nilipogeuka tena ilikuwa tone la maji.

Miaka thelathini na moja nimekuwa nikizoa vitu hivi kwa koleo na kuvitupa kando ya njia! Nilisimama pale nikaona haya. Halafu nikasikia ukimya wake. Magari yalikuwepo, mbwa alikuwepo, lakini vyote vilisikika kana kwamba viko chumba cha pili na mlango umefungwa. Huo ukimya utautengeneza kwa nini, sijui.

Mwambie Kaka aache kuharibu rangi.

Shangazi yako


Karakana, 28 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti karakana nzima, na nilipofika kwenye friji Fundi Taa alitoka nje. Nimefuta kila kitu kwa brashi ya meno, nyumba ishirini na mbili, siku nne.

Sasa sikiliza. Kwa mchonga mawe wa hapa mtaani kuna vumbi la marumaru, lile linaloanguka chini ya msumeno wake. Yeye hulimwaga. Nimelichekecha mara nne mpaka likawa laini kuliko poda ya mtoto, nikachanganya na kioo kilichosagwa, kidogo sana, pua na mdomo nimefunga barakoa. Haliliwi na sisimizi, halinywi maji ya hewa. Nimelinyunyiza kutoka juu tu, kama ulivyosema, na kila nyumba imepokea mahali pake. Chini ya daraja ni pakavu. Nilipowasha taa vile vioo vikamemeta na Mwongozaji akasema "Mmh," na kwake hiyo ni hotuba.

Ya kuanguka ndiyo ngumu zaidi. Nimesaga karatasi laini kwa mashine ya kahawa, inaelea vizuri, lakini kitu kinachoanguka kutoka urefu wa meza kinafika chini upesi mno, na jicho linagundua mara moja kwamba dunia hii ni ndogo. Kwa hiyo kamera itapiga picha nyingi zaidi kwa kila sekunde, na zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida, karatasi itashuka taratibu kama kitu chenye safari ndefu. Tumejaribu mara moja. Nilisisimka mwili mzima.

Lakini kijiji bado kinaonekana kama keki. Theluji yote ni sawasawa kila mahali. Najua nimekosea, sijui wapi. Nitumie picha za huko, tafadhali, nyingi uwezavyo.

Na hukugusia habari za Mzee. Mpe shikamoo yangu.

Kidole


11 Desemba

Kidole,

Marahaba. Umekosa upepo na umekosa watu. Hayo mawili tu.

Upepo: theluji haigawi sawa kama mama mwenye haki. Upande unaopigwa na upepo hubaki mtupu, majani yanaonekana. Upande wa pili inajikusanya hadi kwenye madirisha. Chagua upepo wako unatoka wapi, kisha usiusahau hata kwa kichaka kimoja. Rangi nayo si nyeupe. Mimi mwenyewe ningekula kiapo kuwa ni nyeupe mpaka nilipotoka juzi kukutazamia. Kwenye kivuli ni buluu, Kidole, buluu ya shati lililofuliwa mara nyingi. Saa kumi jua likiinama inakuwa na wekundu kidogo juu ya kila kituta. Nilikaa kwenye ukuta wa barabarani nikiitazama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Watu walipita wakanisalimu kwa wasiwasi.

Watu: nyumba yenye watu utaijua kwa paa lake. Wakiwasha jiko, joto linapanda, theluji inakuwa nyembamba, kuzunguka bomba la moshi inaisha kabisa, na kwenye kingo maji yanaganda yakining'inia kama meno. Paa la mwoka mikate halijawahi kushika theluji siku mbili. Banda la kuni lisilo na mtu linabeba yote iliyoanguka tangu mwanzo, laini, haijaguswa, nzito kama godoro. Kwa hiyo kila nyumba yako ujue wanaoishi humo ni akina nani, na wanaamka saa ngapi.

Picha nimepiga kumi na mbili, kwa kamera ya Mzee. Ile ya kutoka kilimani ndiyo nzuri: utaona mawimbi ya upepo uwanjani, kivuli cha buluu, nyumba ya mwoka mikate na yangu kando yake. Usimhangaikie Mzee. Fanya kazi.

Shangazi yako


Karakana, 27 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Kwanza shukrani. Nimepanga kila nyumba na watu wake. Yule mjane wa karibu na kanisa anaamka mapema, paa lake limeanza kudondosha maji. Fundi viatu ni mvivu. Kijiji kimeacha kuwa keki. Asubuhi nikiingia karakana nanyata bila kujua kwa nini.

Ile picha ya kilimani niliipenda mno hata nikaamua kuinakili jinsi ilivyo. Nyumba mbili za mwisho wa meza ni ya mwoka mikate na yako. Nilitumia kioo cha kukuzia, punje kwa punje, siku sita. Jana Fundi Taa alikuja kupima mwanga, akaziangalia, akasema, "Hii ya pili wameihama lini?" Nikamjibu, "Wameihama wapi? Hiyo ni ya shangazi yangu, anaishi na mumewe." Nikasikia maneno yangu mwenyewe.

Paa lako limebeba theluji yote, Shangazi. Ni laini, haijaguswa, hadi kwenye mdomo wa bomba la moshi. Nimehesabu matabaka yake kwenye picha. Nimeijenga kwa mikono yangu siku sita na sikuiona.

Jiko lenu limezimwa tangu lini? Mzee yuko wapi?

Sijamwambia mtu.

Kidole


Karakana, 20 Januari

Shangazi, nijibu hata neno moja tu. Simu inaita bila kupokewa. Baba ameniuliza kwa nini sili.

Kidole


30 Januari

Mwanangu Kidole,

Niko hai. Nisamehe. Barua yako niliifungua nikaifunga, nikaiweka chini ya bakuli la matunda, na kila nikipita nikawa naliangalia bakuli.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio nilikibana, nikafichuliwa na paa. Nilikufundisha mwenyewe kusoma, kisha nikakutumia kitabu changu. Mtu aliye ndani haoni paa lake, mwanangu. Nilipopanda kilimani kupiga picha nilitazama upepo, nikatazama buluu, na nyumba yangu nikaiona kama ninavyoijua, ina moshi. Wallahi niliuona moshi.

Mzee amefariki. Mwezi wa tisa, tarehe kumi na moja, asubuhi, ameketi kitandani anavaa viatu.

Lile jiko la kuni la sebuleni aliliwasha yeye. Kila asubuhi ya baridi kwa miaka thelathini na moja nilikuwa nikisikia mlango wake wa chuma ukilia, ndipo nikitoa mguu nje ya blanketi. Sijaliwasha. Nimehamia jikoni na kihita cha umeme, nalala kwenye kiti kirefu, nimevaa makoti mawili. Uwezo wa kuliwasha ninao, kuni zimejaa bandani. Lakini nikiliwasha mimi, itakuwa nimekubali. Nimeogopa kijiti cha kiberiti, mimi shangazi yako niliyewahi kumfukuza mwizi kwa mwiko.

Na Kaka. Siku naondoka aliniambia, "Siku yakikufika nakuja kukuchukua mwenyewe." Unamjua baba yako, hasemi mara mbili. Angekuja, angefunga mizigo yangu, na mimi ningenyamaza kwa kuwa ni kaka yangu, na ningerudi kwenye kile chumba cha rangi tatu. Nani angebaki na Mzee huku? Simu nimeacha kuipokea kwa sababu sauti ingenisaliti. Barua ilinivumilia.

Nikwambie kitu kimoja kisha nipumzike. Theluji ya kwanza ilipoanguka, ile iliyotua kwenye koti, jioni yake, ilipokwisha kutanda, nilienda makaburini. Nilikuwa na hasira, nimebeba koleo, nimeenda kumwondolea. Nikamkuta amefunikwa. Kaburi jipya lile lenye udongo mbaya uliochimbuliwa, ambalo nilikuwa siwezi kulitazama, lilikuwa limelainishwa, limesawazishwa na ya majirani zake wote, hakuna mkono wa mtu ulioligusa. Kulikuwa na nyayo za ndege mmoja tu, amepita katikati na kuondoka. Nilisimama na koleo langu kama mpumbavu. Sikulitumia. Nilikuandikia nimecheka, na ni kweli nilicheka, lakini hilo nililiacha.

Usimwambie Kaka. Nakuomba.

Shangazi yako


Karakana, 16 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Nilimlilia Mzee kwenye stoo ya vumbi la marumaru nikiwa na barakoa usoni, kwa hiyo hakuna aliyejua. Nilimwona mara mbili tu maishani, na mara zote mbili alinirekebishia kitu.

Jana tulipiga picha. Sijui nikuandikie vipi, lakini wewe uliweza kuniandikia theluji, nami nijaribu.

Asubuhi kabla ya wenzangu kuingia niliketi mbele ya nyumba yako na brashi yenye unywele mmoja. Nikaanza kupunguza theluji ya paa. Kidogo tu kuzunguka bomba la moshi, kisha chini yake, halafu nikatia matone ya gundi kwenye kingo yakawa meno. Ilinichukua saa tatu. Ndani nikaweka balbu, ndogo kuliko punje ya mchele.

Mwongozaji alipofika aliona mara moja. Ile nyumba alikuwa ameipenda ilivyokuwa, alikuwa akiiita "maiti yangu", na alitaka kamera iishie pale. Akafoka, "Nani kagusa paa hili? Nani kaniharibia?" Watu wakatazama viatu vyao. Nikasema, "Mimi. Ndani kuna mtu."

Alinitazama. Nilidhani siku yangu imefika. Kisha akainama, na ana kitambi, haikuwa rahisi, akachungulia kwenye lile dirisha lenye upana wa kidole changu. Alikaa pale muda. Aliponyanyuka alienda kuketi kwenye kiti chake.

Watu wanne wakapanda ngazi na chekeche zao. Feni ikawekwa upande wa upepo wetu. Taa zilikuwa zinachoma, tulikuwa tumeloa jasho, Fundi Taa amefunga taulo kichwani. Mwongozaji akanyanyua mkono, wakaanza kutikisa, taratibu, kama tulivyofanya mazoezi.

Ikaanguka, Shangazi. Ilianza juu ya kilima, ikaja kwenye daraja, ikafika kwa yule mjane. Mimi niliyeisaga mwenyewe kwa mashine ya kahawa, ninayejua kila punje ilikuwa karatasi gani, nilisahau. Kijiji kiliipokea. Kisha ukaja ukimya. Ulisema hujui nitautengeneza kwa nini. Sikuutengeneza, ulikuja wenyewe. Watu kumi wanapumua chumba kimoja na sikumsikia hata mmoja. Fundi Taa, jasho linamtiririka hadi kidevuni, alikunja mikono kifuani akajikumbatia. Na Mwongozaji, nilimwona kwa jicho la pembeni, alifungua mdomo, akapuliza pumzi mbele yake polepole, akaangalia kama mvuke utatoka.

Kamera iliishia kwenye nyumba yako. Ile taa ndogo ilikuwa inawaka. Aliposema "Kata" hakuna aliyesogea. Mmoja juu ya ngazi alikuwa analia na hakujua analilia nini, akaomba radhi.

Turubai limerudishwa stoo. Kijiji kitabaki.

Sasa lile la pili. Sijamwambia Baba na sitamwambia, kwa sababu ni lako. Lakini Jumapili alinunua rangi tena. Alikuwa amesimama mlangoni na kopo mkononi, akaniuliza, "Unafikiri shemeji atapenda kijani?" Nikasema atapenda. Shangazi, paa niliweza kulipunguza theluji kwa brashi. Hili siliwezi.

Kidole


28 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Keti kwanza, kisha usome.

Mume wangu alifariki tarehe kumi na moja Septemba, asubuhi, ameshavaa kiatu kimoja, cha pili kiko mkononi. Hakuteseka. Tulimzika mimi, mwoka mikate, na wenzake wanne wa reli. Sikukwambia. Nimekunyima kumlilia shemeji yako kwa miezi mitano, na wewe ulikuwa unampakia chumba rangi. Kosa hilo ni langu peke yangu, Kidole usimguse. Aliligundua kwa kazi yake na akanitunzia siri iliyomtesa. Nakuomba radhi. Nimepiga magoti ninapoandika hivi, na magoti yangu unayajua.

Leo asubuhi nimewasha jiko la sebuleni. Imenichukua vijiti tisa vya kiberiti. Nilisahau kufungua njia ya moshi, nyumba ikajaa, mwoka mikate akaja mbio na ndoo ya maji akanikuta nimekaa sakafuni, uso mweusi, nalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Aliweka ndoo chini akakaa nami mpaka nikamaliza. Sasa ni adhuhuri na kuta zimepata joto. Usiku wa leo nitalala kitandani kwetu.

Najua kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu umeshaagiza sanduku. Lete sanduku, lakini liwe lako. Usije kunichukua, Kaka. Nimezeeka huku, mume wangu yuko huku, na nimeanza tu kuijua nchi hii ilivyo. Mlete na Kidole, aione kwa macho yake ile aliyoitengeneza kwa mawe na karatasi. Itakuwepo hadi mwisho wa Machi. Nitawasubiri stesheni. Nitakupeleka alipolala shemeji yako, tutasimama hapo wawili, utasema yote ya kusema, na ukitaka kunigombeza utanigombeza mbele yake.

Njoo tumlilie pamoja. Kisha urudi, uniache nyumbani kwangu.

Dada yako